Kompyuta inaganda, picha za singo zimo ndani, na kaka anataka kuichukua

BARUA

Shikamoo mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga, nina mume na watoto wawili. Kazi yangu ni kupiga picha za harusi, hasa shughuli za wanawake: singo, kupaka hina, kicheni pati. Wapiga picha wazuri kuliko mimi wapo wengi mjini, nami sijidanganyi. Ila wao ni wanaume, na kwenye singo mwanamume haingii. Kina mama wanavua baibui, wanacheza ngoma wanavyojisikia, mwali amejifunga kanga anasuguliwa liwa. Kabla sijapiga picha ya kwanza huwa nasema mbele ya somo wa mwali, yaani kungwi wake: picha hizi nitaziona mimi na nyinyi tu. Kwa neno hilo watoto wangu wanakwenda shule.

Sasa kompyuta yangu inaniumbua. Ni laptopu ya mtumba niliyoinunua mwaka 2019, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ni GB 8, diski ni TB 1, na ina Windows 10. Tangu kabla ya mfungo, nikifungua programu ya kuhariri picha inakwenda vizuri kwa picha kumi au kumi na tano, halafu inaganda. Skrini inapauka, juu inaandika kwamba programu haijibu, mshale unatembea lakini nikibonyeza hakuna kinachoitikia. Baada ya dakika mbili tatu huzinduka, au la nashikilia kitufe mpaka izime. Nikiwasha, nusu ya nilichofanya kimepotea. Nafanyia kazi kitandani usiku, watoto wakishalala, nimeiweka juu ya mto, na chini inakuwa ya moto kama pasi. Feni inalia. Siku hizi kuna na kasauti kama ka saa ya ukutani, tik, tik, ila hako nimeshakazoea. Nikikasikia najua tu kwamba sasa itaganda.

Nina harusi moja kubwa humo ndani, picha kama 1,800 na singo yake. Kadi yenye picha za ukumbini ninayo bado. Kadi ya singo niliifuta nikaenda nayo kwenye kazi nyingine Muheza, kwa kuwa picha nilikuwa nimeshazihamishia kwenye kompyuta. Mama wa bi harusi alinilipa malipo ya awali 400,000, nikalipia ada. Amenipigia mara tatu. Mara zote nimemwambia picha ziko tayari, kinachosubiriwa ni albamu tu. Nimemwongopea, mama, na ni mtu wa heshima zake, tunaswali msikiti mmoja.

Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, ana duka la kutoa kopi na kuchapisha. Ndiye aliyeniwekea programu hiyo mwaka 2021, bure, ile iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kufuli ili itumike bila kulipiwa. Anasema tatizo ni RAM na Windows imechoka, nimwachie kompyuta wiki nzima aipige Windows upya. Nilipositasita akasema, "Mimi ni kaka yako wa damu, unanificha nini?" Nikashindwa kumjibu. Pale dukani kwake wanashinda vijana watatu. Fundi mwingine wa mjini hata hakuifungua. Aliitazama akasema imekufa hiyo, nunua nyingine, na mpya aliyonionyesha ni 2,400,000. Nina akiba ya 900,000. Kikoba chetu kinaweza kunikopesha 1,500,000 kwa riba ya asilimia 10, na wadhamini wangu wawili wangekuwa mama mkwe na jirani.

Mume wangu ni dereva wa lori, mwezi mzima yuko njiani. Kwa simu anasema niache makuu, nimpe kaka, kwani picha ni picha tu.

Nimpe kaka? Nikope? Au nimwambie yule mama ukweli nirudishe hela ambayo sina? Silali.

Mpiga Picha, Tanga


JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole, na hongera kwa kazi ya mikono yako.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikwama kwenye sentensi uliyoipita mbio. Umeandika kuhusu kaka, kikoba, mume na ada, ukaeleza kwa kirefu jinsi skrini inavyopauka, kisha katikati ukaweka kasauti ka tik, tik na kusema umeshakazoea. Mimi hiyo ndiyo niliyoishika. Kwa hiyo kabla hatujafika kwa kaka yako nakuomba kitu kimoja: kama kompyuta imewaka hivi sasa, funga programu ya kuhariri na usiifungue kwanza.

Laptopu ya zamani yenye diski ya TB 1 mara nyingi huwa na diski ya aina ya kuzunguka. Ndani yake mna visahani vinavyozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika, na kijimkono kinachoelea juu yake bila kuvigusa, kikisoma na kuandika. Kijimkono kikishindwa kusoma mahali, hurudi nyuma na kujaribu tena na tena, na hapo ndipo tik, tik inapoweza kusikika. Muda wote huo programu imesimama mlangoni inasubiri ipewe picha iliyoomba. Wewe unaona imeganda. Mshale unatembea kwa sababu kompyuta yenyewe iko hai, na baada ya dakika mbili tatu mambo hurudi kwa sababu diski hatimaye imefanikiwa kusoma, au imekata tamaa. Wewe mwenyewe umeandika kwamba ukikasikia unajua itaganda. Mafundi wawili wameitazama kompyuta yako, na anayeisikiliza kila usiku ni wewe.

Inawezekana nimekosea. Huenda ni feni imelegea inagonga. Lakini pima makosa yote mawili. Nikiwa nimekosea, utapoteza jioni moja ya kunakili mafaili. Nikiwa nimesema kweli na ukapuuza, picha za singo ambazo hazipo kwenye kadi wala mahali pengine popote duniani zitaondoka siku diski itakapokataa kuamka, na hapo si RAM mpya wala kompyuta ya 2,400,000 itakayozirudisha.

Basi nunua au azima diski ya nje. Picha 1,800 za kamera ya kawaida ya siku hizi, kila moja ikiwa na MB 28 hivi, ni kama GB 50, hazihitaji diski kubwa. Toa kompyuta kwenye mto, iweke mezani, chomeka chaja, zima intaneti, anza na folda ya singo peke yake. Usianze na harusi nzima, kwani za ukumbini zipo kwenye kadi, na hiyo kadi usiifute hata ukilipwa. Ikikwama kwenye faili moja, iache ijaribu. Ikishindikana ruka, chukua nyingine. Usiizime kwa kushikilia kitufe wakati inaandika. Na mtu akikushauri uanze kwa kuamuru Windows ikague na kurekebisha diski, mwambie asubiri: ukaguzi ule huisomesha diski kuanzia mwanzo hadi mwisho, na diski mgonjwa inaweza kufia katikati ya matibabu. Nakili kwanza. Diski isipoonekana kabisa, simama hapo hapo. Wapo wataalamu wa kuokoa data, ni ghali, na wao hufungua diski mahali pasipo na vumbi. Atakayekuambia uifunge mfuko uiweke kwenye friza, maana ushauri huo bado unazunguka, muulize kama kuganda kulikopo hakujatosha.

Ukishanakili, pakua programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo. Inasoma kumbukumbu ambazo diski hujiandikia yenyewe kuhusu afya yake, kisha inakupa jibu kwa rangi: buluu ni nzuri, njano tahadhari, nyekundu mbaya. Hapo utakuwa na la kumwambia kaka yako zaidi ya "nasita".

Nakala moja haitoshi. Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh ndiye aliyeeneza kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Kwa kazi yako nakala hiyo ya nje isizagae. Programu ya bure ya VeraCrypt hutengeneza kasha ndani ya diski linalofunguka kwa nywila tu. Atakayeiba diski ataona kasha, hataona mwali. Ila nywila ukiisahau, hakuna wa kukufungulia, hata mimi.

Sasa nije kwa kaka.

Umeandika kama kwamba mambo ni mawili: umpe kompyuta uvunje ahadi, au umnyime uvunje undugu. Nakuuliza pole pole: ni nani aliyekuambia kompyuta na picha ni kitu kimoja? Diski ya laptopu nyingi za umri huo imefungwa kwa skrubu chache na inatoka kama betri ya tochi. Unaweza kuitoa, au ikatolewa mbele ya macho yako kwa dakika kumi, ukaitia mkobani. Kinachobaki ni chuma tupu. Hicho kaka anaweza kukaa nacho wiki nzima, akakisafisha feni, akakitilia diski mpya ya SSD, ile isiyozunguka, akaipiga Windows anavyotaka, vijana wake watatu wakizunguka na chai zao.

Hata hivyo, sidhani kaka yako aliuliza kuhusu diski. Aliuliza kuhusu yeye mwenyewe. "Unanificha nini" ni sauti ya mtu aliyeumia, aliyekusaidia bure mwaka 2021 na sasa anaonekana kama mgeni. Je, umewahi kumweleza kile unachokisema mbele ya somo? Labda hajui. Wanaume wengi wanajua kwamba singo ipo, hawajui ndani kuna nini, na hawajui kwamba riziki yako imesimama juu ya sentensi moja. Ukimwambia "kaka, si wewe, hata mume wangu haruhusiwi, niliahidi mbele ya watu", umemtoa kwenye kundi la washukiwa na kumweka kwenye kundi la wanaume wote, ambako hakuna aibu. Anaweza kukubali. Anaweza pia kununa mwezi mzima. Wewe unamjua, mimi simjui.

Na huyo mume anayesema picha ni picha, sitamlaumu. Yuko barabarani, anataka ulale. Lakini muulize siku atakaporudi: angekubali picha yako ya usiku wa kuamkia ndoa yenu ikae wiki nzima kwenye duka la kopi? Muulize kwa utani. Atakuelewa upesi kuliko ukimhutubia.

Nikuongezee jambo, maana unajilaumu kana kwamba umeleta makuu. Enzi za filamu, nilipokuwa msichana, picha za shughuli zetu zilipelekwa studio kusafishwa, na mzee aliyezisafisha aliona kila kitu. Kina mama walilijua hilo. Walimchagua yule mzee, si mwingine, na siku aliposafiri walisubiri arudi. Kwa hiyo ukiniuliza kama haiwezekani kabisa mtu mwingine kushika diski hiyo, sina hakika. Huenda yupo fundi wa kike, vyuo vya ufundi vinatoa wasichana wa kompyuta siku hizi. Huenda mama wa bi harusi mwenyewe akakwambia, mpe fulani namwamini. Ruhusa ni ya wenye picha. Na siku hizi si adabu peke yake: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sura ya mtu ni taarifa yake.

Jambo la mwisho kuhusu diski hiyo: isiuzwe, isitupwe, isibadilishwe dukani kwa punguzo. Kufuta mafaili, hata kufomati kwa haraka, hakuyaondoi. Zipo programu za bure zinazoyafufua. Diski ya singo ikishafanya kazi yake ya mwisho, izike wewe mwenyewe, na nyundo ikihitajika.

Tuseme sasa nimekosea na diski ni nzima. Kaka anasema RAM, fundi anasema imekufa, na kila mmoja anaweza kuwa na haki yake; lakini ona kwamba kila mmoja ametaja dawa anayoiuza. Kompyuta yenyewe inaweza kukwambia. Siku ya kujaribu, bonyeza pamoja Ctrl, Shift na Esc kabla ya kufungua programu, lifunguke dirisha la Task Manager, liweke pembeni. Hariri picha. Ikiganda, usiguse kitu, soma nambari. Diski ikisimama kwenye asilimia 100 huku kasi yake ni ndogo mno, rudi kwenye hadithi ya kijimkono. RAM ikiwa imejaa pomoni, kaka kasema kweli. Picha moja ya nukta milioni 24, ikifunguliwa kwa uhariri wa ubora wa juu, hushika kama MB 144 kwa kila tabaka; ukiwa na tabaka tano umekaribia robo tatu ya GB kwa picha moja, na hapo Windows, kivinjari chenye kurasa ishirini na WhatsApp navyo vinadai sehemu yao. RAM ikiisha, kompyuta huanza kutumia diski kama RAM, na diski ya kuzunguka kwa kazi hiyo ni punda anayevuta treni. Hata nafasi tupu ina maana: programu hizi hutumia diski kama ubao wa kuchorea, na ikiwa umebakiza GB tano sita kwenye C, ubao umejaa.

Kuna na joto. Mto, mwanangu. Laptopu hupumulia chini, na mto unaiziba pua. Kichakataji, yaani ubongo wa kompyuta, kikizidi moto hujipunguzia kasi chenyewe ili kisiungue, nawe unaona uzito. Meza, au hata sinia lililopinduliwa. Vumbi la miaka sita ndani ya feni hilo ni kazi halali ya kaka.

Ikiwa inaganda kwenye picha ile ile kila mara, shuku faili hilo na si kompyuta, liruke uone. Ikiwa inaganda ukiburuta brashi au kukuza picha, nenda kwenye mipangilio ya programu uzime matumizi ya kadi ya michoro, ujaribu bila hiyo. Draiva ya zamani ya kadi hiyo, yaani programu inayoiendesha, ni chanzo cha kawaida sana. Badilisha kitu kimoja tu kila mara, la sivyo hutajua ni kipi kilichoponya.

Halafu kuna ile programu yenyewe. Sikusudii kukutia dhambini, najua bei zake, na najua tangu kampuni kubwa ya programu hizi ilipoanza mwaka 2013 kutoa matoleo mapya ya programu zake kuu kwa kulipia usajili, kulipa kila mwezi kwa mtu anayelipwa kwa msimu wa harusi ni mzigo. Nataka tu ufikiri alichofanya aliyeikraki. Programu nyingi za namna hiyo humtaka mtumiaji azime kinga ya virusi kwanza. Yaani umefungua mlango ukamwambia mgeni usiyemjua apite, kwenye nyumba ambamo kina mama wamevua baibui. Huenda hakuleta kitu. Huenda alileta programu inayokula kichakataji chako usiku kucha, na ndiyo hiyo feni inayolia. Huenda akawa anatazama. Unasita kumpa kaka yako wa damu, na huyu wa kraki hujawahi hata kumwona. Pia Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda picha zako wewe.

Njia nyingine zipo, nazo zina gharama yake. darktable na RawTherapee ni bure kabisa na husafisha picha ghafi (RAW), yaani kama zilivyotoka kwenye kamera. GIMP, iliyoanzishwa na wanafunzi wawili wa Berkeley mwaka 1995, hufanya kazi ya kuunganisha na kurekebisha. Sitakudanganya kwamba utazoea kwa siku mbili. Vitufe vimekaa kwingine, mipangilio ya rangi uliyoitengeneza haihami, na kujifunza katikati ya harusi inayodaiwa ni kujitafutia presha. Wengine humaliza kazi iliyopo kwa chombo kilichopo, kisha huhama msimu ukipoa. Wengine hulipia mwezi mmoja mmoja, miezi ya harusi tu. Piga hesabu ya harusi moja inaweza kubeba nini.

Kuhusu mkopo. Riba ya asilimia 10 ni 150,000 juu ya deni, hiyo unaijua. Ambayo huenda hujaipima ni kwamba wadhamini ni mama mkwe na jirani. Harusi mbili zikiahirishwa, deni linaingia jikoni kwako. Kwa upande mwingine, siwezi kusema kununua mpya ni upuuzi. Microsoft iliacha kuipa Windows 10 marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakataa rasmi vichakataji vingi vya kabla ya 2018, kwa hiyo laptopu yako pengine inazeeka hata ikipona. Swali langu ni la wakati. Diski ya SSD na RAM ya kuongeza ni sehemu ndogo ya 2,400,000, akiba yako pengine inavitosha bila kukopa, na vinaweza kukusogeza msimu mmoja au miwili. Vinaweza pia kukupa miezi mitatu tu kisha ubao mama ukafa, ukawa umelipa mara mbili. Ukiamua mpya, usihamishie kraki ile ile ndani yake, maana utakuwa umenunua nyumba mpya ukahamia na kunguni.

Sasa mama wa bi harusi. Uongo wako ni mdogo, lakini unakua kila simu inapolia. Unadhani akijua atakudai hela. Inawezekana. Lakini jiulize anachokisubiri ni nini hasa: albamu nene, au apate kuona uso wa binti yake siku ile? Kuna jambo ambalo wapiga picha wengi hawalijui: karibu kila faili ghafi la kamera lina picha ndogo iliyokwisha kutengenezwa ndani yake, ndiyo ile unayoiona nyuma ya kamera. Zipo programu nyepesi za kuitoa bila kuhariri chochote, na kompyuta dhaifu huweza. Ukishanakili folda, unaweza kuwa na picha thelathini za singo zinazofaa kuchapishwa ndogo kabla ya wiki kwisha. Kuchapisha nako ni mtihani, kwa kuwa duka la picha lina macho. Kiprinta kidogo cha kuazima kitakuepusha, au atazame kwenye skrini yako mkiwa wawili.

Ukienda, nenda kwa miguu yako, asubuhi, na si kwa ujumbe. Unaweza kuanza na kompyuta, unaweza kuanza na msamaha. Mimi ningemwonyesha picha kwanza, ila mimi ni mwoga. Mwambie kwa nini imechelewa, na mwambie kwamba umekataa kuiacha kompyuta kwa mafundi kwa sababu yake yeye na wageni wake. Hilo nalo ni kweli, na katika barua nzima hukulitumia kujitetea hata mara moja. Anaweza kukasirika kwanza. Huenda akataka tarehe. Usimpe tarehe mpaka ujue diski imesema nini.

Hiyo jioni ya kunakili, watoto wakishalala, kaa karibu na meza usikilize. Ukimaliza folda ya singo niandikie, hata mistari miwili tu: zimetoka ngapi kati ya ngapi, na kile kisauti kilikuwepo au la. Nitakuwa nasubiri kama yule mama.